Kitovu Kilichooteshwa Kwenye Kopo

Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia sebule na kumwogesha mtoto, Eufrasia alichota maji kwa kijiko cha chai akaumwagilia mmea wake pale dirishani. Vijiko vichache tu, maana mmea wenyewe haukupenda maji. Akachukua kitambaa chenye unyevu, akafuta vumbi jani moja moja, akahisi ubaridi kidogo tumboni, kisha akaenda kubandika chai.

Ulikuwa mmea wa kutambaa, shina lake jembamba kama uzi wa kushonea magunia. Majani yake yalikuwa na umbo la kopa kwenye karata, manene kidogo, kijani chenye mabaka ya kijivu kwa juu na zambarau kwa chini. Hapa na pale, penye kifundo, shina lilikuwa limefunga kijiazi cha mviringo, ukubwa wa gololi. Upande mmoja shina hilo liliingia kwenye kopo la mafuta lililotobolewa matundu kwa msumari na kuning'inizwa kwa waya juu ya dirisha. Upande wa pili liliingia chini ya kitenge cha Eufrasia na kuishia kitovuni mwake.

Wageni wasiomjua waliuona upande wa kopo tu, wakausifia. Majirani zake wa mtaa wa Kasingirima, Kigoma, waliuona pande zote mbili, nao wakausifia vilevile.

Eufrasia alizaliwa ziwani mwaka sabini na mbili, ndani ya mtumbwi uliojaa watu waliokuwa wakikimbia mauaji Burundi. Mama yake alijifungua katikati ya maji, mahali ambapo hakuna aliyeweza kusema kama ni huku au ni kule, na wapiga kasia hawakutaka kusimama ili jambo hilo liamuliwe. Kwa desturi ya kwao, ambayo ni desturi ya Waha, wenyeji wa Kigoma, pia, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa nyumbani, na pale kilipozikwa ndipo mtu anapohesabiwa kuwa wa hapo mpaka anaingia kaburini. Mama yake alisema atasubiri. Mambo yangetulia baada ya mwezi, au miezi, wangerudi, angekizika nyuma ya nyumba mahali pake. Kitovu nacho kikasubiri. Hakikukauka wala kudondoka. Kilibaki kibichi, kikarefuka, na siku moja walipokuwa wamejibanza kwa watu kule Mwandiga kikatoa jani.

Mama yake hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alikuwa amekimbia na jembe begani, na kwenye jembe palikuwa na udongo ulioganda tangu siku aliyoacha shamba. Aliukwangua kwa kisu, akauchanganya na mchanga wa ziwani, akautia kwenye kopo la mafuta ya msaada, kisha akaingiza humo ncha ya kitovu cha mwanawe. Akaumwagilia kila Jumamosi, akiendelea kusubiri, hadi kifua kilipomshika akafa.

Mtu akizoea jambo, linakuwa la kawaida. Eufrasia alisoma shule ya msingi akiwa amekaa karibu na dirisha ili shina lipite bila kusumbua wenzake. Alipokuwa mkubwa, urefu wa mmea ulimtosha kufika sokoni Ujiji na kurudi, mradi asipite njia ya kuzunguka. Watu waliuruka bila kusema neno, kama wanavyoruka kamba ya mbuzi, na wenye baiskeli waliinua gurudumu la mbele. Safari ya mbali aliweka kopo mapajani na kuuviringisha mmea wote kiunoni. Mmea huo ndio uliomletea mume pia. Anatoli, fundi wa karabai za wavuvi wa dagaa, aliukuta umelala barabarani, na badala ya kuuruka kama watu wengine akaufuata hadi mwisho. Mwisho wake alikuta binti anauza mawese. Utani juu ya usiku wa harusi yao ulidumu mtaani muda mrefu, na hauna haja ya kurudiwa hapa.

Walipata mtoto mmoja, Diana. Kitovu cha Diana kilidondoka vizuri kama vya watoto wengine, na mama mkwe, Bibi Leonia, aliyekuwa mkunga huko Kidahwe kabla hata Anatoli hajazaliwa, akakichukua na kukizika nyuma ya jiko lake. Eufrasia alilia siku ile kwa furaha. Mwanawe alikuwa na mahali.

Kisha ukaja mwaka tisini na saba. Kongo ilikuwa imewaka, Burundi ilikuwa bado inawaka, na kila mashua iliyofika ilishusha watu waliobeba magodoro na sufuria. Mji ulijaa. Bei ya unga ilipanda, na watu walioishi pamoja miaka yote wakaanza kuulizana wametoka wapi. Ndipo ikatangazwa kwamba kutakuwa na zoezi. Zoezi gani, halikufafanuliwa, lakini malori yalionekana yakijaza mafuta.

Mzee Gervasi, balozi wa nyumba kumi, alipita nyumba kwa nyumba kuwaandaa watu wake. Kwa Anatoli alikaribishwa kiti, akakaa, akauliza habari za mtoto, kisha akasema alilolileta.

"Kila mtu ataulizwa kitovu chake kimezikwa wapi. Ukisema hapa, unabaki. Ukisema kule, unapanda lori kwenda kambini."

"Na mimi, Mzee?" aliuliza Eufrasia.

"Wewe, mama Diana, si kipo hapo dirishani?"

"Kipo kwenye kopo."

Mzee Gervasi aliliangalia kopo kwa muda. Alikuwa mtu mwema na hakupenda kusema uongo kwenye nyumba za watu.

"Kopo linabebeka," alisema.

Alipoondoka, Eufrasia alimtazama Diana aliyekuwa chini akichambua dagaa, akiwapanga wakubwa huku na wadogo huku. Kambi yenyewe hakuiogopa sana, maana alizaliwa katika shida kubwa zaidi. Alichoogopa ni kitu kimoja tu, kwamba atachukuliwa na mtoto huyu abaki. Kwa hofu hiyo hata majani ya mmea dirishani yakajikunja kidogo pembeni.

Anatoli hakuona tatizo kubwa. Yeye alikuwa fundi, na kwa fundi kila kilicholegea hukazwa. Kama kopo ndilo tatizo, basi mmea utolewe kwenye kopo upandwe ardhini, hapo hapo uani, na kitovu cha mkewe kitakuwa kimezikwa Kasingirima kama cha mtu yeyote. Akatuma salamu Kidahwe kwa mama yake. Bibi Leonia alifika na jembe, kiroba cha samadi ya mbuzi, na ari ya mtu ambaye hatimaye ameitwa kwenye jambo analolijua.

Alikagua vile vijiazi kwa vidole, akavinusa. "Viazi ni viazi," alisema, akaanza kuinua tuta.

Waha wanajua kulima, na tuta la Bibi Leonia lilikuwa tuta la kupigwa picha. Upande wa pili wa ua alisimama Aikande, mwalimu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same, mwanamke aliyependa maua kiasi kwamba kibaraza chake kilikuwa kimejaa makopo na ndoo zilizopasuka. Ndiye aliyewahi kumfundisha Eufrasia kutoboa matundu zaidi chini ya kopo.

"Shikamoo, mama," alisema Aikande. "Mmea wa namna hiyo si wa tuta. Maji yake huyahifadhi wenyewe ndani ya kiazi. Ukikaa penye majimaji utaoza."

"Marahaba, mwalimu. Nimekusikia."

Alikuwa amemsikia kweli, na akaendelea kukoroga samadi. Kopo likapinduliwa. Ule udongo wa jembe la marehemu, uliokuwa umebanana humo miaka yote, ukatoka mzima ukiwa na umbo la kopo, ukafukiwa katikati ya tuta. Shina likapitishwa chini ya mlango hadi ndani. Eufrasia, aliyekuwa ameketi kitandani akisubiri, alihisi jambo ambalo hakuwahi kulihisi: nafasi. Pande zote za tumbo lake palikuwa na nafasi, na chini yake palikuwa na kina kisicho na mwisho. Miguu ilikuwa mizito kwa namna nzuri. Alilala mchana kutwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na mume wake akamwacha alale.

Mvua za mwaka ule watu wanazikumbuka hadi leo kwa jina la Elinino. Zilianza kama mzaha na hazikukatika. Barabara ya kwenda Kasulu ilikatika, ziwa lilipanda likameza vichanja vya kuanikia dagaa, na tuta la Bibi Leonia, lililoshiba samadi, lilinyonya maji na kuyashika. Tumbo la Eufrasia likavimba. Ngozi ya mikono yake ikawa laini na yenye kuteleza, pumzi yake ikaanza kunuka matope. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, akaimeza, minyoo ikatoka, lakini harufu ya matope ikabaki. Majani yalikuwa yanadondoka moja moja kuanzia mlangoni kuja ndani, na Diana aliyaokota na kuyatia kwenye kikombe.

Siku alipoanza kutapika udongo mweusi, Bibi Leonia alivua kiburi chake bila kuambiwa na mtu. Alikwenda mwenyewe kugonga kwa Aikande.

"Mwalimu, ulisema."

"Sikusema ili niwe mshindi, mama. Twende."

Walifukua wote wawili, wamelowa, magoti kwenye matope. Sehemu ya chini ilikuwa imeshakuwa uji. Aikande akakata pale palipooza, akarudi nyuma akakata tena hadi alipofika penye weupe mkavu. Kila alipokata, ndani ya nyumba Eufrasia aliuma kanga. Kisha mwalimu akamweleza Anatoli kwamba mmea usipandwe haraka. Kidonda cha mmea wa namna hii lazima kikauke kwanza, kifunge ngozi, ndipo uguse udongo. Wakatandika magazeti sakafuni, wakaulaza mmea juu yake kwa mizunguko, na Eufrasia wakamlaza kwenye mkeka pembeni.

Zile siku hakuwa wa kopo wala wa tuta. Hakuwa ameoteshwa popote, na mwili wake ulijua. Hakuweza kuhisi uzito wa shuka. Akisema neno, lilichelewa kutoka. Diana aliketi karibu na mizunguko ya shina akivihesabu vijiazi, akifika mahali asipojua namba inayofuata anaanza upya, na sauti hiyo ndiyo iliyomshika mama yake asiondoke. Bibi Leonia alimpikia uji wa ulezi na hakulitaja tena neno viazi.

Mvua ilipopumzika, Anatoli alikwenda ziwani kuchota mchanga wa kujaza kopo. Aliporudi alikuta hakuna haja. Mmea ulikuwa umejiamulia wenyewe. Kijiazi kimoja cha katikati, karibu na mguu wa meza, kilikuwa kimeingiza mizizi kwenye ufa wa sakafu, pale ambapo saruji ilipasuka siku nyingi na yeye akawa anasema ataziba. Akajaribu kukiinua. Hakikuinuka.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Kiazi kiliingia chini ya saruji na kunenepa huko. Sakafu ikainuka kidogo, meza ikaegemea upande, Anatoli akaweka kipande cha ubao chini ya mguu. Ufa ukafika kizingitini. Shina likatoa matawi, matawi yakapanda ukutani, yakazunguka picha ya Bikira Maria na kalenda ya mwaka uliopita. Na Eufrasia akaamka, akaomba ugali, akala, akaomba tena. Uzito wa miguu ulirudi, safari hii bila maji ndani yake. Akienda sokoni alihisi nyumba nzima nyuma yake ikimshika kiunoni. Alikuwa na furaha, na alipokuwa akiosha vyombo aliimba, ingawa sauti yake haikuwa nzuri na alilijua hilo.

"Sasa umezikwa," alisema Bibi Leonia akipigapiga sakafu kwa kisigino, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa habari njema. Walipika wali siku hiyo, wakamwita Aikande.

Lori lilifika Kasingirima asubuhi yenye jua. Msimamizi wa zoezi aliitwa Bwana Oswald, mtu aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali, aliyenyoa vizuri, na ambaye maji ya Kigoma yalikuwa yanamsumbua tumbo. Alibisha hodi, akangoja kukaribishwa, akafuta viatu mlangoni. Nyuma yake walikuja vijana wawili na sururu. Mzee Gervasi alikuja nao pia, akasimama nje akitazama kwingine.

"Mama, kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Hapa," alisema Eufrasia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake jibu hilo lilikuwa kweli. Akamwonyesha ufa.

Bwana Oswald alipiga goti, akakunja mikono ya shati. Alivuta shina kwa upole, kisha kwa nguvu. Akaingiza kidole ufani, akagusa kiazi, akakiacha kidole pale kama anapima mapigo. Vijana walijaribu kwa sururu, saruji ikabanduka kidogo, kiazi kikaonekana, kikubwa kuliko kichwa cha mtoto, hakikutikisika. Eufrasia alishika tumbo.

"Huu umeota," alisema Bwana Oswald, akisimama na kujipangusa magoti. "Hapa hakuna ubishi. Huu ni wa hapa."

Anatoli alipumua hadi karabai zilizoning'inia ukutani zikagongana. Akaagiza chai. Bwana Oswald alikaa, akanywa, akala na kipande cha muhogo, akauliza kama mtoto naye ni wa hapa.

Bibi Leonia alikuwa amengoja aulizwe. "Ego, ndiyo, huyo ni wa Kidahwe kabisa," alisema. "Nimempokea mimi alipozaliwa, kitovu chake nimekizika mimi mwenyewe, nyuma ya jiko langu. Ukitaka nakupeleka ukaone."

"Sina haja ya kwenda. Neno lako linatosha, bibi." Bwana Oswald aliweka kikombe chini. "Basi mtoto anabaki, na mmea unabaki. Mama, wewe jiandae. Usibebe vitu vingi, lori limejaa."

Anatoli aliuliza, kwa sauti ya mtu anayehisi amesikia vibaya.

"Bwana mkubwa, si umesema ni wa hapa?"

"Mmea ni wa hapa. Mmea hauna tatizo lolote, na yeyote atakayekuja kuusumbua mwambie aje kwangu. Lakini mimi nimetumwa watu." Hakusema kwa ubaya. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kitovu kilichozikwa, alisema, ni kile kilichokwisha kuachana na mwenyewe, na mwenyewe wakati huo anakuwa mahali pake. Cha huyu mama bado kimemshika. Alizaliwa majini, na majini hakuna mtaa. Hakuweza kuandika kwamba mtu ni wa majini. Tena hangeweza kubomoa nyumba ya mwananchi ili kumpakia mke wake na mzizi wote, sheria haikuruhusu uharibifu wa mali. Kwa hiyo shina likatwe, kila upande uende unakostahili.

"Nitaenda naye mtoto," alisema Eufrasia.

"Mtoto ni wa Kidahwe. Bibi yake ameshuhudia."

Bibi Leonia alifungua mdomo. Alilitafuta neno la kurudisha lile alilolisema, akatafuta kwa Kiha, akatafuta kwa Kiswahili, halikuwepo popote. Alikuwa amelisema mbele ya watu, kwa fahari, na lilikuwa kweli.

Kijana mmoja alitoa kisu mfukoni. Hapo Bibi Leonia alisimama.

"Weka hicho," alisema. "Utamuua. Leteni uzi na wembe mpya. Na maji yachemshwe."

Hakuna aliyembishia, maana hii ilikuwa kazi yake. Alimlaza Eufrasia kwenye mkeka, akamfunua kitenge, akapima urefu wa vidole kutoka tumboni. Akafunga uzi mahali pa kwanza, akakaza. Akafunga mahali pa pili, akakaza. Mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea miaka yote, lakini machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mikono hiyo, na ilibidi Aikande, aliyekuwa ameingia bila kubisha hodi, awe anayafuta ili wembe usiteleze.

"Unisamehe, mwananje," alisema Bibi Leonia, akimwita mwanawe kwa Kiha.

"Funga vizuri, mama," alisema Eufrasia.

Alikuwa anamtazama Diana. Mtoto alisimama kwenye kona na kidole mdomoni, akiangalia kwa makini jinsi bibi yake anavyofanya kazi. Wembe ulipita. Maumivu hayakuwa makubwa. Alichohisi Eufrasia ni wepesi, mwili mzima ukawa mwepesi ghafla kama wa mtu aliyetua mzigo, na wepesi huo aliuchukia kuliko kitu chochote alichowahi kukichukia.

Alivaa viatu vyake vya Jumapili. Alimbeba Diana hadi mlangoni, akamkabidhi kwa baba yake, na ikabidi Anatoli avifungue vidole vya mkewe kimoja kimoja kutoka kwenye gauni la mtoto. Alipokuwa anavuka barabara kwenda kwenye lori, majirani waliokuwa wakipita nyuma yake waliinua miguu kuruka shina kama walivyozoea, ingawa hapakuwa na kitu cha kuruka.

Kambi ilikuwa ng'ambo ya Kasulu, kwenye matope mekundu na maturubai. Eufrasia alipangiwa kwa Warundi, ambao walimwona anaongea kama Mtanzania, wakamwita mgeni. Kipande kilichobaki tumboni mwake kilikauka kama vinavyokauka vyote. Kilidondoka siku moja kwenye foleni ya mahindi, naye hakugundua hadi jioni alipokuwa anaoga. Alirudi kukitafuta, lakini watu wengi walikuwa wameshapita hapo.

Ruhusa ya kutembelewa ilikuwa ngumu, na nauli nayo ngumu. Anatoli alikuja alipoweza, peke yake, akileta mawese na habari. Mmea ulikuwa umestawi mno. Ulikuwa umefunika kuta zote za sebule, ukaingia chumbani, ukatoa maua madogo ya zambarau yenye umbo la chupa. Watu walikuja kuuangalia. Bwana Oswald mwenyewe alipita siku moja kuhakikisha hausumbuliwi, akaridhika, na kabla ya kuondoka aliomba kipande akampelekee mkewe aoteshe kwenye kikombe. Walimpa. Bibi Leonia alikuwa amehamia Kasingirima kumlea mtoto, na hakuzalisha tena mtu yeyote.

Miaka ilipita ndipo Diana akaletwa. Alikuwa amevaa sare ya shule, soksi zimevutwa hadi magotini, nywele zimekatwa. Eufrasia alikuwa amechagua nguo usiku kucha moyoni mwake, asubuhi akaivaa ile moja aliyokuwa nayo. Walikaa kwenye benchi chini ya turubai, mtoto katikati.

"Shikamoo, mama Eufrasia," alisema Diana, kwa adabu, kama anavyofundishwa mtoto kumsalimu mama wa mtu mwingine.

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Diana alikubali kwamba amekua. Alijibu maswali yote vizuri. Anasoma darasa la tatu, anapenda hesabu, hapendi uji wa ulezi ingawa bibi anamlazimisha. Analala wapi? Analala sebuleni, karibu na mama. Hakusema kwa kuficha wala kwa kutaka kuumiza. Alieleza kwamba mama yuko chini ya sakafu na ana joto, na ukiweka sikio pale kwenye ufa unamsikia moyo wake ukienda polepole. Diana akiumwa, mama hushusha tawi na kumwekea majani kwenye paji la uso. Asubuhi anamwamsha kwa kumtekenya shingo. Mwaka huu amechanua sana.

Anatoli alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nimejaribu kumweleza," alisema.

"Muache," alisema Eufrasia.

Aliuliza kama bado wanamwagilia kwa kijiko. Diana alisema ndiyo, kazi hiyo ni yake, kila Jumamosi, na akimaliza anafuta majani. Eufrasia aliweka mkono tumboni, akangoja aone kama atahisi ubaridi wowote, kwa kuwa siku ile ilikuwa Jumamosi. Alingoja hadi filimbi ya kumaliza muda ikapigwa.

Diana alisimama, akanyoosha sketi, akashika mkono wa baba yake. Kisha akakumbuka adabu zake akageuka.

"Nikifika nitamsalimia mama," alisema.

"Msalimie," alisema Eufrasia. "Mwambie mimi sijambo."